Nani Aliulizwa? Noeli ya Mtumishi Mbali na Watu Wake

 

Mnakumbuka kwamba Desemba ya mwaka jana kanisa lilituma wahudumu watano kutoka hapa kambini Kyangwali kwenda Kampala, kula Noeli pamoja na ndugu zetu wakimbizi wanaoishi mjini. Tuliporudi tulitoa ripoti mbele ya kanisa, mkapiga makofi, kwaya ikaimba. Ripoti ile ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa nzima. Kuna neno ambalo hatukulisema siku ile, na tangu hapo limetukosesha usingizi. Ndiyo sababu tumeomba nafasi katika kijarida hiki.

Tuanze na Kampala yenyewe. Asiyeiona Kampala wiki ya Noeli hawezi kuamini. Mji mzima unahama. Kisenyi, penye mabasi, watu wamebanana, huyu na mifuko ya mikate na sukari, yule na nguo mpya za watoto, nauli imepanda na bado watu wanagombania viti. Kila mwenye kijiji anarudi kijijini kwa wazazi. Tarehe 25 ikifika, barabara zilizojaa taksi na bodaboda mwaka mzima zinakuwa nyeupe, unaweza kuvuka ukiwa umefumba macho. Wanaobaki ni wale wasio na kijiji cha kurudia. Katwe, Nsambya na Ndejje, wengi wa hao ni watu wetu wa Kongo.

Maisha yao mnayajua kwa kusikia. Aliyeandikishwa mjini hujitafutia mwenyewe kodi ya nyumba na chakula. Mama anatembea tangu asubuhi na vitenge begani na shanga mkononi, jioni amechoka miguu na hajauza. Sisi wa kambini tunalalamika kwamba mgao umepunguzwa tena na tena tangu 2020, na ni kweli umepunguzwa, lakini angalau tuna kishamba cha mahindi nyuma ya nyumba. Kule hata mchicha unanunuliwa.

Usiku wa tarehe 24 tulikusanyika katika chumba kimoja cha kupanga huko Katwe, watu zaidi ya thelathini, wengine wamekaa mlangoni. Tuliimba kwa Kiswahili na kwa Lingala, tukaomba kwa kila lugha iliyokuwamo. Mama mmoja alisimama akasema kwamba tangu avuke Ziwa Albert mwanzoni mwa 2018 hakuna mtu aliyewahi kumtembelea siku ya Noeli, na leo amekuja mtu. Alilia, na sisi tukalia. Mtoto wake alikuwa na homa, tukamwekea mikono.

Saa ile ile simu ya mwenzetu mmoja ilikuwa inabipu mfukoni. Ilibipu mara nne, mara tano. Hakuwa na vocha ya kupiga, akafikiri ni salamu za Noeli, akaizima ili isivuruge maombi. Asubuhi ndipo alipopata habari. Mtoto wake mwenyewe, wa miaka mitatu, alishikwa na malaria kali usiku ule hapa kambini. Mama yake hakuwa na pesa ya bodaboda. Majirani walimbeba gizani mpaka kituo cha afya. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini mwenzetu alipofika nyumbani tarehe 28, mke wake alimpokea mzigo, akamwekea maji ya kuoga, akampa chakula, na baada ya chakula akamwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Baba watoto, yule mtoto wa Katwe alipona?"

Hilo ndilo ambalo hatukulisema kwenye ripoti.

Tulikaa naye siku ile na kumfariji, na maneno yetu ya kwanza yalikuwa yale ambayo kila mhudumu huwa nayo tayari. Tulimkumbusha Luka 14, pale Bwana anapowaambia makutano kwamba anayemfuata lazima ampende yeye kuliko baba na mama, mke na watoto. Tulimkumbusha Marko 10, ahadi kwa wale walioacha nyumba na mashamba. Mwenzetu alisikiliza. Kisha akafungua 1 Timotheo 5, mstari wa 8, ambapo Paulo anasema juu ya mtu asiyewatunza wa nyumbani mwake kwamba ni mbaya kuliko asiyeamini. Akafungua na Marko 7, habari ya korbani. Mnaijua: mtu anayesema kwamba mali aliyopaswa kuwasaidia nayo wazazi wake amekwisha kuiweka wakfu kwa Mungu, na kwa hiyo mikono yake ni safi. Yesu alikasirika na watu wa namna hiyo. Mwenzetu alituuliza: "Je, Noeli yangu ilikuwa sadaka, au ilikuwa korbani?"

Hatukuweza kumjibu. Kwa hiyo tulianza kutazama waliotutangulia, hasa wale ambao habari zao zinaanzia Kampala ile ile.

Alexander Mackay aliondoka Uingereza mwaka 1876 akiwa kijana, fundi wa mitambo, mwana wa mchungaji wa Scotland. Alifika Buganda mwaka 1878. Mwaka 1887 alifukuzwa, akahamia Usambiro kusini ya Ziwa Viktoria, na huko akafa kwa homa Februari 1890. Wengi wa wenzake walikuwa wamekufa au wamerudi kwao. Yeye hakurudi hata mara moja. Hesabuni wenyewe: Noeli ya 1876 mpaka ya 1889, Noeli kumi na nne. Mwaka 1927 mifupa yake ililetwa Namirembe, na kaburi lake liko pale mlimani.

Tulipenda kuhubiri habari zake kama habari za mtu mmoja shujaa. Lakini mwaka ule ule aliokufa, kilitoka kitabu cha maisha yake, kilichojengwa juu ya barua alizokuwa akituma nyumbani. Aliyekiandika ni dada yake. Na ukurasa wa mbele haukutaja jina la huyo mwandishi, ulisema tu kwamba kimeandikwa na dada yake. Tulikaa kimya juu ya jambo hilo. Noeli zile kumi na nne zilikuwa na upande wa pili. Upande mmoja alikuwapo mtu aliyechagua, na jina lake limewekwa juu ya shule na barabara. Upande wa pili walikuwapo watu waliongoja barua miezi mingi, na hata aliyeandika kitabu hakuweka jina lake.

Sasa tuje kwa baba yetu, maana huyu ni wetu hasa. Ndugu wengi wa kanisa hili wametoka upande wa Boga, huko Ituri, na wazee wao walibatizwa kwa kazi ya Mganda mmoja, Apolo Kivebulaya. Alibatizwa mwaka 1895. Mwaka 1896 alivuka kutoka Toro akashuka mpaka Boga, wakati ule wakiita Mboga. Hakupokelewa kwa vigelegele. Alipingwa, alisingiziwa kifo cha dada wa mtemi, akafungwa minyororo na kupelekwa gerezani Toro. Alipoachiliwa hakurudi Buganda, alirudi Boga. Alifanya kazi Toro miaka mingi pia, mwaka 1903 akawekwa kuwa kasisi, mwaka 1922 akafanywa kanoni wa Namirembe, na katika uzee wake akaingia msituni kuwafuata Wambuti ambao hakuna aliyewafikiria. Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu wa Kongo, na siyo mashariki kwa watu wake kama desturi ilivyotaka.

Tangu utoto tumesikia habari ya kaburi lile na kumsifu Mungu. Nasi bado tunamsifu. Bila mtu yule kuwaacha watu wake, babu zetu wangesikia Injili lini? Na tazameni jinsi njia ilivyogeuka: yeye alitoka Uganda akaja Boga kwa hiari, sisi tumetoka Boga tukaja Uganda kwa kufukuzwa. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, miaka themanini na minane kamili tangu afe, Boga na Tchabi zilishambuliwa na watu zaidi ya 50 wakauawa. Baadhi yenu mnaosoma hapa mlitembea usiku ule.

Kwa sababu hiyo kuna neno ambalo tumelisikia likihubiriwa, na sisi wenyewe tumelihubiri, nalo sasa tunataka kuliondoa. Tumesema: "Mkimbizi naye ni mmisionari. Mungu alitumia vita kututuma Uganda." Linapendeza masikioni. Watu wanaitikia amina. Lakini mwambie neno hilo mama aliyemzika mume wake kando ya njia bila jeneza! Apolo alitoa Noeli zake. Sisi zetu zilinyang'anywa. Kitu kilichoibwa hakiwi sadaka kwa sababu mhubiri amekiita sadaka.

Mtatuuliza, je, Yusufu? Ndiyo, Yusufu aliwaambia ndugu zake kwamba Mungu ndiye aliyemtuma Misri mbele yao. Soma vizuri Mwanzo 45 uone ni nani anayesema. Ni Yusufu mwenyewe, baada ya miaka mingi, akilia mpaka nyumba ya Farao ikasikia. Hakuna aliyesimama ukingoni mwa kisima siku ile na kumwambia kwamba anatumwa. Kama siku moja mama yule wa Katwe atasema kwa kinywa chake kwamba Mungu alimtuma Kampala, tutaitikia amina na machozi. Hatutamtangulia kulisema.

Na hapa ndipo swali la mke wa mwenzetu lilipotufikia. Maana tulipowaza juu ya hiari na kunyang'anywa, tuliona kwamba tofauti hiyo iko hata ndani ya nyumba zetu. Mwaka jana wazee wa kanisa walituita sisi watano, wakatuuliza kama tuko tayari, tukasema tuko tayari. Ilikuwa sadaka yetu, tuliitoa wenyewe. Lakini Noeli ya wake zetu, na ya mume wa dada mmoja kati yetu, na ya watoto, nani aliiuliza? Mama yule alitueleza baadaye, na tumeruhusiwa kuandika: "Mlikuja kumwambia mume wangu kwamba Mungu anamhitaji Kampala. Mimi nilikuwa jikoni nasikia. Hakuna aliyegeuza shingo." Alitoa nusu ya sadaka ile, nusu iliyo nzito, bila kuulizwa. Kwake yeye ilifanana na vita: mtu alichukuliwa nyumbani, akaambiwa avumilie.

Hatusemi kwamba tulikosea kwenda. Mama wa Katwe alitembelewa, na hilo hatulijutii. Wala hatusemi kwamba wote watano tunakubaliana. Mmoja wetu, mzee kuliko sisi wote, anashikilia kwamba wito wa Mungu haupigiwi kura mezani, na kwamba kama Apolo angengoja kila jamaa yake akubali, Boga ingebaki gizani. Tulibishana naye siku mbili. Tulimwambia kwamba Mungu akimwita mtu anaweza kumwita na mke wake, sikio lake liko jirani tu. Alicheka, lakini hakukubali, na ni haki yake. Inawezekana wako walioitwa kama Apolo, ambao mlango wa nyuma umefungwa nao hawana budi kwenda. Sisi watano hatukuwa hao. Sisi tulikuwa tunaenda kwa siku nane na kurudi. Mtu anayekwenda siku nane ana nafasi ya kuuliza.

Basi mwaka huu tumeomba wazee wafanye tofauti, nao wamekubali. Kabla majina hayajasomwa kanisani, mama wawili wa kanisa walikwenda katika nyumba za wale watano, mume akatoka nje, mke akaulizwa peke yake; na kwa dada yetu ndivyo alivyoulizwa mume wake. Watatu walikubali bila shida. Wa nne alikubali kwa masharti: simu ya msafiri iwe na vocha na isizimwe hata kwenye maombi, na mtu wa kanisa apite kila jioni nyumbani kwake kuuliza habari. Mweka hazina ameandika vocha katika matumizi ya safari. Watu wa kupita jioni bado hawatoshi, tunatafuta familia nne. Wenye nafasi wapeleke majina kwa mama wa kanisa kabla ya Jumapili ya pili ya Desemba.

Wa tano alikuwa ni yule mama. Alisema hapana, mwaka huu hapana. Mama wa kanisa walimwuliza kama anataka kuongeza neno, akasema hana neno la kuongeza. Kwa hiyo watakaokwenda Kampala ni wanne, na mwenzetu atakuwa hapa nanyi. Amejiandikisha kuchota maji ya kupikia chakula cha Noeli, mapipa mawili, na ameomba vijana wenye baiskeli wamsaidie.