Vumbi ni la Nani?

Karakana ya mjomba wangu hapa Bujonde ina paa la bati, msumeno wa mviringo, mashine ya randa na vijana wawili wanaojifunza kazi. Milango, vitanda na madawati hutoka humo. Ada yangu nayo ilitoka humo, tangu kidato cha kwanza hadi shahada ya uzamili ninayosoma sasa. Kwa hiyo nikiandika kuhusu vumbi la mbao, siandiki habari za watu wengine.

Likizo iliyopita tulitengeneza mtego wa vumbi. Si kitu cha ajabu. Mota yenye feni huvuta hewa kutoka chini ya msumeno kupitia bomba la plastiki la inchi 4, lile lile la maji taka. Hewa huingia kwa ubavuni kwenye koni ya bati iliyokunjwa na fundi wa majiko mjini Kyela, kisha huzunguka kwa kasi. Maranda na chenga nzito hutupwa ukutani, hupoteza mwendo na kuangukia kwenye ndoo ya lita 20 iliyofungwa chini. Hewa hupanda katikati na kutokea juu. Siri ni kasi: ndani ya bomba hewa inatakiwa kwenda kama mita 20 kwa sekunde. Ikipungua sana, unga wa mbao hutulia njiani na bomba huziba. Ndiyo maana bomba linatakiwa liwe fupi na kona ziwe chache.

Mjomba alisaidia kila hatua, lakini hakuona haja. "Mpwa wangu," aliniambia, "miaka 26 navuta hili vumbi. Nimeshazoea. Na kifua ni changu."

Darasani hoja hiyo ina heshima kubwa. John Stuart Mill, katika kitabu chake *On Liberty* cha mwaka 1859, alitetea kwamba jamii haina haki ya kumlazimisha mtu mzima kwa ajili ya manufaa yake mwenyewe tu; inaweza kumzuia pale anapowadhuru wengine. Mjomba hajamsoma Mill na wala hamhitaji. Ni mtu mzima, anaijua kazi yake, na mimi ni kijana niliyesomeshwa kwa jasho lake. Nani amenipa mamlaka ya kumfundisha namna ya kupumua?

Hata hivyo, katika hoja yake kuna neno moja linalobebeshwa mzigo usiolifaa. Neno hilo ni kuzoea. Mtu akizoea, mwili umeacha kulalamika, basi. Kukubali ni jambo jingine: ili ukubali kitu, ni lazima kwanza ukijue. Na vumbi linalodhuru zaidi ndilo lisiloonekana. Unywele wa binadamu una unene wa kama maikromita 70. Vumbi la chini ya maikromita 10 hupita koo na kushuka kwenye njia za hewa, bila kuacha alama yoyote sakafuni. Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi, akawataka madaktari wenzake wamuulize mgonjwa anafanya kazi gani. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua. Hayo mjomba hakuambiwa na yeyote siku alipoanza kazi. Alichokikubali ni kukohoa jioni.

Halafu kuna hilo neno "changu". Anayejifunza ufundi hawezi kukataa hewa ya karakana bila kukataa ufundi wenyewe. Na nyuma ya ukuta wetu yuko mama anayekaanga usipa kila alasiri. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika katika kitabu chake *Good Company* cha mwaka 1951 kuhusu imani ya wazee wetu juu ya pumzi ya watu: kwamba manung'uniko ya majirani yanaweza kumletea mkosaji ugonjwa. Si lazima niamini hivyo ili nione walichokiona. Walichukulia pumzi kuwa kitu kinachopita kati ya mtu na jirani yake, kikibeba haki na kosa.

Hapo ndipo mtego wetu ulipoleta swali gumu kuliko lile la mjomba. Koni hukamata vumbi zito. Lile jepesi, ambalo ndilo baya zaidi, hutoka pamoja na hewa. Njia fupi ya kulitoa ilikuwa ukuta wa nyuma. Karakana ingekuwa safi, na sinia za usipa zingepokea kilichobaki. Tukaamua kufunga mfuko wa kitambaa kizito juu ya koni. Lakini mfuko ukijaa, mvuto hupungua, na ni lazima ukung'utwe. Atakayeukung'uta atavuta kwa dakika kumi kile ambacho wengine wamekikwepa wiki nzima. Katika karakana nyingi jibu linajulikana hata kabla ya swali: mdogo kuliko wote.

Mtego, basi, huliweka vumbi mahali pamoja, kisha hutuachia sisi kuamua nani atalishika. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inampa mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake, na ni sawa. Ila nadhani wajibu hauishii kwa mwajiri. Mtu aliyekula matunda ya vumbi, akaenda kusoma mbali nalo, hawezi kurudi na ushauri mtupu. Ushauri haumgharimu kitu anayeutoa. Bomba na mota nilivinunua kwa fedha ya kufundisha tuisheni, na kwenye zamu ya kukung'uta mfuko jina langu limo kila nikiwa likizo. Zamu inaanza na mjomba mwenyewe. Mfuko hukung'utwa nje, majirani wakiwa upande upepo unakotokea, na barakoa ni lazima. Maranda ya kwenye ndoo huenda kwenye mabanda ya kuku.

Mjomba bado anasema amezoea. Barakoa anaivaa, anasema, kwa sababu vijana wanamtazama. Mimi naipokea sababu hiyo kama ilivyo.

Lakini miaka 26 iliyokwisha kuingia kifuani haina mfuko wa kukung'uta. Sehemu yake imekuwa elimu hii ninayoitumia kumpinga. Deni hilo sijui namna ya kulilipa. Ninachojua ni kwamba yule kijana mdogo ana miaka 17, na bado hajazoea.