Chumba Kilichokosa Mlango wa Kutokea

David Vetter alizaliwa Houston, Marekani, tarehe 21 Septemba 1971, na papo hapo akaingizwa kwenye hema la plastiki lisilopitisha kijidudu. Kaka yake alishakufa mchanga kwa SCID, ugonjwa wa kuzaliwa bila kinga ya mwili, na wazazi waliambiwa kuwa uwezekano wa mtoto mwingine wa kiume kuzaliwa nao ni nusu kwa nusu. Hema liliandaliwa vizuri. Kutoka humo ndiko kulikotegemea bahati: dada yake ampe uloto wa mifupa unaolingana na wake. Ndugu wa tumbo moja hulingana mara moja tu kati ya nne. Dada akapimwa, hawakulingana.

Makazi ya wiki chache yakawa ya miaka. Nepi, chakula, kitabu, kila kitu kilitiwa kwanza gesi ya kuua vijidudu, kisha kikasubiri gesi iishe. Mama alimshika kwa glavu nene zilizofungwa ukutani. Mashine za hewa zilinguruma hata kuongea kukawa shida. Akiwa na miaka minne hivi alikuta sindano iliyosahaulika humo, akaanza kutoboa plastiki. Ndipo ilipobidi aelezwe vijidudu ni nini.

Mwaka 1983 ilionekana uloto usiolingana ungeweza kusafishwa ukatumika, na dada akatoa. Ndani ya uloto huo vilijificha virusi vya Epstein-Barr, ambavyo watu wengi huvibeba bila habari na vipimo vya wakati ule havikuviona. Vilimletea David saratani. Alifariki tarehe 22 Februari 1984, ana miaka 12.

Wengi huulaumu uloto ule. Mimi (najua ni rahisi kwetu tuliokuja baadaye) naulaumu mpango wa 1971, uliojua kumwingiza tu.

Leo njia ya kutoka inajulikana: wanaopandikizwa uloto kabla ya miezi mitatu na nusu, zaidi ya tisa kati ya kumi huishi. Ndiyo maana jimbo la Wisconsin lilianza kupima SCID kwa kila mtoto mchanga mwaka 2008. Afrika Mashariki kipimo hicho si cha kawaida, na chanjo ya BCG, yenye vijidudu hai, hutolewa mtoto akizaliwa. Kwa mwenye SCID inaweza kuua. Mama aliyezika kichanga kwa maambukizi yasiyokoma, au ambaye kaka zake walikufa hivyo, amwambie muuguzi kabla ya sindano. Wengine wachanjwe kama kawaida.