Karatasi ya Maswali na Deni kwa Shahidi

Mwishoni mwa mwaka 1982 wavulana watatu wa kaskazini mwa Norway walijiua, ikaaminika kwamba mateso ya wanafunzi wenzao ndiyo yaliyowasukuma. Mwaka uliofuata taifa hilo lilianzisha kampeni dhidi ya uonevu shuleni, na dodoso la mwanasaikolojia Dan Olweus likawapa watoto nafasi ya kujieleza wenyewe. Njia hiyo imeenea: mwaka 2019 UNESCO ilieleza kuwa karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alikuwa ameonewa na wenzake katika mwezi uliotangulia. Lakini karatasi hiyo ikigawiwa katika darasa la Bukavu, mashariki mwa Kongo, kinachokusanywa ni nini hasa? Wengi husema ni kipimo, kama kipimajoto kionyeshavyo homa. Mimi nasema ni ushahidi, na anayeomba ushahidi ana deni kwa shahidi wake.

Tuangalie swali lenyewe. Dodoso la afya ya wanafunzi la Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi liliuliza: katika siku 30 zilizopita, umeonewa siku ngapi? Majibu yanaanzia sifuri, siku moja au mbili, hadi siku zote 30. Sasa mfikirie kijana wa Kadutu, mtaa mmojawapo wa Bukavu, aliyezaliwa na mama aliyebakwa vitani, ambaye wenzake humwita mtoto wa adui. Atie alama wapi? Huenda akaandika sifuri, kwa sababu tusi alilolizoea tangu utotoni halihesabu tena kuwa tukio. Watafiti wameona pia kwamba wanafunzi wakisomewa kwanza maana ya uonevu, wanaosema wameonewa hupungua. Homa haipungui kwa kuelezwa. Ndiyo maana ni afadhali kuuliza vitendo: umepigwa, umenyang'anywa, umetengwa? Tena kwa Kiswahili wanachotumia kugombana uwanjani, si kwa Kifaransa cha ubaoni. Na tangu elimu ya msingi nchini Kongo ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019, madarasa yamefurika. Jirani wa deski anayeweza kuchungulia karatasi yako pengine ndiye anayekupiga.

Wapo watakaosema watoto hudanganya, heri tuwaulize walimu. Lakini mwonevu huchagua pale mwalimu asipokuwapo: chooni, njiani, wakati wa mapumziko. Uongo umo katika kila aina ya ushahidi, wala mahakama haziwafukuzi mashahidi kwa sababu hiyo, husikiliza wengi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba ushahidi haujumlishiki, basi asilimia hazina maana. Nusu yake naikubali: kuilinganisha Bukavu na Dar es Salaam kwa tarakimu mbili ni kazi dhaifu sana. Ila shule ileile, kwa maswali yaleyale na usiri uleule, mwaka huu na mwaka ujao, inaweza kujitambua ikibadilika. Prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, asishangilie tu tarakimu ikiwa ndogo, maana inaweza kuwa imepima woga. Zaidi ya hayo, dodoso huwafikia waliokuja siku hiyo. Aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa minervali, yaani karo ya sekondari, au anayekwepa shule kwa kuogopa wenzake, hahesabiwi kabisa.

Lililo gumu kuliko yote ni deni lenyewe. Karatasi isiyo na jina humpa mtoto ujasiri wa kusema, na papo hapo hutunyima uwezo wa kumfikia. Mmoja akiandika kwamba amewaza kujiua, hatujui yuko deski lipi. Wengine wangetaka majina yaandikwe. Nakataa, kwa sababu mtoto huyo asingeandika lolote. Badala yake, kabla karatasi hazijagawiwa, wanafunzi waonyeshwe mtu mzima watakayemwendea, waambiwe anakaa wapi na saa ngapi, na baadaye wasomewe wao wenyewe walichokisema kwa jumla. Wakaaji wa Bukavu, ambao Februari 2025 waliona mji wao ukiangukia mikononi mwa waasi wa M23, wamekwisha kuhojiwa mara nyingi na watu waliojaza fomu wakaenda zao. Kwa hiyo, katika shule isiyo na mtu mzima wa kuendewa, karatasi zisubiri hadi apatikane.