Utakatifu na Usafi



Sisi tuliofundisha lugha twapenda kukumbusha kuwa neno "takatifu" latokana na "takata", yaani kuwa safi. Katika Kiswahili utakatifu na usafi ni ndugu wa tumbo moja. Basi tujiulize: je, kitu chaweza kuwa kitakatifu na kichafu kwa wakati mmoja?

Swali hili humkabili kila mgeni afikaye Varanasi, mji wa kale wa India ambao Waingereza waliuita Benares. Mji huo uko ukingoni mwa mto Ganges, nao una zaidi ya vituo 80 vya ngazi za mawe ziteremkazo mpaka majini. Kila alfajiri Wahindu wengi huteremka kuoga, kwa imani kwamba mto ni mama awaondoleaye dhambi. Kwenye ngazi za Manikarnika maiti huchomwa usiku na mchana, na majivu hutiwa mtoni. Na katika mto huo huo mifereji ya mji humwaga maji machafu ya vyoo.

Mgeni mwenye haraka husema, "Watu hawa hawaoni." Mcha Mungu wa pale aweza kujibu, "Mama hachafuki." Twaona wote wawili wamekosea kwa namna moja: kila mmoja amepata sababu ya kutofanya lolote.

Veer Bhadra Mishra, aliyefariki mwaka 2013, alizikataa njia zote mbili. Alikuwa mkuu wa hekalu la Sankat Mochan, na papo hapo profesa wa uhandisi wa maji katika chuo kikuu cha mji huo. Kama kuhani alioga mtoni kila siku. Kama mhandisi alijua hasa kilichomo. Mwaka 1982 alianzisha shirika la kuupigania mto. Hakupenda watu waambiwe kwamba Ganges ni mchafu, kwani masikioni mwao hilo ni tusi. Aliona yafaa kuwauliza kama wako radhi mama yao atendewe hivyo.

Serikali ilianza mpango wake mwaka 1986. Mitambo ilijengwa, lakini ilitegemea umeme. Umeme ulipokatika pampu zilisimama, na uchafu ukaingia mtoni kama zamani. Mishra hakuchoka kudai njia iliyo bora. Hadi leo kazi hiyo haijakwisha.

Hatukubaliani na Wahindu juu ya dhambi na maondoleo yake. Hata hivyo twajifunza hapa kwamba kukiita kitu kitakatifu si kukikinga na uchafu, bali ni kujitwika kazi ya kukitunza. Nasi husema kwamba mwili wa binadamu ni hekalu. Mgonjwa akilala bila kuoshwa katika nyumba iliyo jirani na kanisa letu, je, neno hilo tumelisema kweli?