Jicho Lililofungwa Mtini

Msitu wa Chome, ambao kilele chake Shengena chafikia mita 2,462, umeivika kijani milima ya Upare wa Kusini. Chemchemi za milima hiyo ndizo zijazazo ndiva, yale mabwawa ya kumwagilia mashamba waliyoyachimba mababu. Humo huishi kinengenenge wa Upare, ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye Mwenyezi Mungu hakumweka mahali pengine po pote duniani. Humo pia husimama mkulo, mti ambao mbao zake zimewatia tamaa wapasuaji wa siri kwa miaka mingi, ingawa msitu ulihifadhiwa kisheria tangu zama za ukoloni.

Siku hizi wataalamu wa viumbe wamepata macho mapya. Hufunga mtini kamera ndogo ijipigayo yenyewe kila mwili wenye joto upitapo mbele yake, usiku na mchana, majuma mengi. Vyombo vingine hunasa sauti za ndege na vyura. Setilaiti huonyesha kutoka angani mahali msitu ulipotobolewa. Tusiidharau kazi hii. Mwaka 2005, katika milima ya Udzungwa, kusini zaidi mwa nchi yetu, kamera za namna hiyo zilimpiga picha sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, na mwaka 2008 akatangazwa kuwa aina mpya kwa sayansi. Kiumbe huyo alimtukuza Muumba wake karne nyingi bila kuandikwa katika kitabu cho chote! Mkristo asomapo habari hiyo hana budi kufurahi.

Lakini kamera haichagui. Impigayo funo ndiyo impigayo mama aliyeingia msituni kutafuta kuni, na kijana mwenye msumeno. Hapo yazuka maswali mawili. Jicho lililowekwa kwa ajili ya wanyama, je, lina haki ya kumtazama mtu? Na yule aachaye kukata mkulo kwa kuiogopa kamera, je, ametenda wema?

Tuanze na la pili. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alipambanua hofu ya mtumwa na hofu ya mwana: mtumwa huogopa fimbo, mwana huogopa kumhuzunisha baba yake. Hofu ya kwanza si bure, kwa maana yaweza kumfungulia mtu mlango wa hekima. Wazee wa Upare waliijua vema. Walikuwa na misitu mitakatifu ambamo hakuna aliyethubutu kukata mti ovyo, na miti ikasimama. Imani mpya zilipoiondoa hofu ile, hazikupanda daima upendo mahali pake. Neno hili latuhusu sisi Wakatoliki, na latuhusu pia ndugu zetu Waadventista, ambao Suji imekuwa kituo chao tangu enzi za Wajerumani. Mvua haiulizi dhehebu. Kamera, basi, yaweza kurudisha hofu ya mtumwa. Ya mwana haiwezi, na betri yake huisha.

Kuhusu swali la kwanza twasema wazi: mtu si funo. Ana jina na heshima, na hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yalikiri jambo hilo. Tukumbuke tena kwamba chini ya milima hiyo hiyo, huko Mkomazi, wafugaji waliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wanyamapori. Mtu wa nchi hiyo akikuta chombo kimefungwa mtini, naye hakuambiwa lo lote, atadhani ni mtego, na nani atamlaumu?

Hatusemi kwamba mwizi wa mbao ana haki ya kufichwa. La hasha! Lakini picha iliyopigwa ili kuhesabu wanyama, ikipelekwa polisi, imepewa kazi nyingine, na kazi hiyo yapasa kutangazwa mapema katika mkutano wa kijiji, watu waulize na kujibiwa. Picha ya mama na mzigo wake wa kuni ifutwe. Na picha za wanyama zisiishie katika vyuo vya mbali. Zirudi Suji, zibandikwe ukutani shuleni, ili watoto wawajue kwa sura na kwa majina majirani zao wa mlimani, kwa maana mtoto hawezi kuogopa kumhuzunisha asiyemjua.