Waliotawanyika Ndio Waliotumwa

Ndugu zangu mliobaki Kirumba, na ninyi mliotoka Kirumba mkapanda mpaka Lubero, Butembo na Beni, nawaomba mfungue Matendo ya Mitume sura ya 8. Stefano amekwisha kuuawa. Sauli anaingia nyumba kwa nyumba, anawaburuta wanaume kwa wanawake hadi gerezani. Kanisa la Yerusalemu linakimbia. Mitume wamebaki mjini. Wanaokimbia ni waamini wa kawaida, wasio na cheo wala barua ya kuwatambulisha. Na Luka anashuhudia kwamba hao hao, kila walikopita, walilihubiri Neno.

Sasa nendeni sura ya 11. Wakimbizi wale wamefika Foinike, Kipro na Antiokia. Baadhi yao, watu wa Kipro na Kirene, wanathubutu kusema na Wayunani habari za Bwana Yesu, kazi ambayo hakuna mtume aliyewaagiza. Luka hakuandika jina la hata mmoja wao. Lakini mkono wa Bwana ulikuwa pamoja nao, na kanisa la Antiokia likazaliwa. Hapo ndipo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Kanisa hilo ndilo lililochanga msaada njaa ilipowakaba ndugu wa Uyahudi. Tena katika sura ya 13, ni Antiokia, si Yerusalemu, iliyofunga na kuomba, ikawawekea mikono Barnaba na Sauli, ikawapandisha merikebuni. Kanisa lililopandwa na wakimbizi ndilo lililotuma!

Nayasema haya kwa sababu kuna neno linalozunguka makanisani mwetu: sisi tunaokimbia, tutamtuma nani? Tangu mwishoni mwa Juni 2024, waasi wa M23 walipoichukua Kanyabayonga na kisha Kirumba, watu wa Lubero ya kusini wamelala madarasani, makanisani na katika nyumba za jamaa zilizokuwa zimejaa tayari. Mashamba yamebaki nyuma. Anayeuliza hivyo ana jeraha, nami simkemei. Wala sisemi kwamba vita ni mapenzi ya Mungu. Waliomponda Stefano kwa mawe walitenda dhambi, na anayechoma kijiji leo anatenda dhambi, naye atajibu mbele ya kiti cha hukumu. Ila neno lile linadhani misheni ni kazi ya wenye mali na amani, na hapo limepotea. Baba alimtuma Mwana. Mwana, jioni ya siku ya kufufuka, aliwaendea watu waliojifungia milango kwa hofu, akawavuvia Roho, akawatuma wangali wanatetemeka. Hakungoja hofu iishe.

Kumbukeni Injili ilivyofika pande zetu. Tunawashukuru mapadri Waasumption waliofika mwaka 1929. Tunamshukuru Paul Hurlburt na wenzake, walioanza Kitsombiro miaka hiyo hiyo kazi iliyokuja kuzaa makanisa ya Kibaptisti ya CBCA. Tunamshukuru daktari Carl Becker, aliyewatunza maelfu ya wagonjwa wa ukoma pale Oicha na kuwafundisha wauguzi weusi kazi ambayo wengi walidai hawataiweza. Lakini zaidi ya miaka thelathini kabla ya Kitsombiro, mwaka 1896, alishatokea Uganda mtu mmoja mweusi, Apolo Kivebulaya, akaingia Mboga. Hakuwa na motokari wala zahanati, wala serikali ya kumlinda. Mtemi Tabaro alimtesa. Alipigwa, akafungwa, akaondolewa kwa nguvu. Akarudi! Mwisho Tabaro mwenyewe akabatizwa. Apolo akaendelea msituni kwa Wambuti, na alipokufa mwaka 1933 akazikwa hapo hapo Mboga, kichwa kikielekea magharibi kama alivyoagiza, upande wa msitu ambao Injili ilikuwa haijaufikia. Mwafrika aliyemwendea Mwafrika kwa miguu: huyo ni babu yetu katika imani, na watoto wetu wa katekisimu wanastahili kulijua jina lake.

Mwaka 1969, Papa Paulo wa Sita aliwaambia Waafrika mjini Kampala kwamba sasa wao ndio wamisionari wao wenyewe. Miaka miwili baadaye mchungaji John Gatu wa Kenya aliomba wamisionari na fedha za ng'ambo zisimame kwa muda, ili kanisa la Afrika lijifunze kusimama kwa miguu yake. Wengi walikasirika. Imepita zaidi ya miaka hamsini, na bado kuna kamati za misheni ambazo kazi yake kubwa ni kuandika barua za kuomba. Tutubu, ndugu zangu. Msaada wa ndugu wa mbali ni mwema, lakini usitufanye tusahau kwamba na sisi tumetumwa.

Tumetumwa kwa nani? Kwanza kwa Wambuti, walio karibu nasi kuliko wote na ambao tunawadharau kuliko wote. Tumefyeka msitu wao tukapanda kakao. Tunawalimisha kutwa nzima na kuwalipa chumvi kidogo au pombe. Mwinjilisti wa Kinande anayekwenda kwao Mambasa na Biblia mkononi huku kanisa lake likiwapunja Wambuti ujira, anahubiri nini? Yakobo alikwisha kutuonya juu ya ujira unaolia. Mshahara wa haki utangulie, na mhubiri ajifunze lugha yao, akae nao misimu, si siku mbili za vipaza sauti.

Tumetumwa pia kwa Waislamu, na hapa najua nagusa kidonda. Tarehe 15 Januari 2023 bomu la waliodai kupigania Uislamu lililipuka katika kanisa la Kipentekoste huko Kasindi, watu wakiwa katika ibada ya ubatizo. Tangu mauaji ya raia pande za Beni yaanze, wapo Wakristo wanaomwona kila mwenye kanzu kuwa mwuaji. Je, mmemsahau Sheikh Ali Amini? Alikuwa akiukemea waziwazi msimamo mkali, na tarehe 1 Mei 2021, katika Ramadhani, alipigwa risasi msikitini Beni. Damu yake ilimwagwa na maadui wa amani yetu sisi sote. Anayetaka kumshuhudia Kristo kwa jirani Mwislamu aanze kwa kulia naye matangani.

Na ninyi wafanyabiashara wa Butembo mnaokwenda Kampala, Dubai na Guangzhou kutafuta bidhaa, mnafika mahali ambapo mchungaji wenu hatafika kamwe. Andikeni ankara ya kweli. Lipeni deni siku mliyoahidi. Mkiulizwa sababu, msione haya kulitaja Jina.

Lakini neno langu kubwa ni kwa makanisa yanayowapokea waliokimbia. Mmewapa unga na maharage, mmewapa pa kulala, na Mungu ameona. Ila mmewaweka benchi la nyuma! Shemasi aliyetumika miaka mingi Kirumba anaketi kwenu kama mgeni asiye na kazi. Mama aliyeongoza maombi ya alfajiri anahesabiwa tu siku ya mgao. Barnaba alipotumwa kuwakagua wakimbizi wa Antiokia, aliiona neema ya Mungu, akafurahi, akaenda Tarso kumtafuta Sauli, mtu ambaye wengi walikuwa wamemwogopa, akampa kazi ya kufundisha. Fanyeni vivyo. Jumapili hii, kabla ya sadaka, wazee wa kanisa wasimame waulize: nani kati ya wageni wetu alikuwa katekista, mwinjilisti, mwalimu wa watoto, mwimbishaji? Majina yaandikwe. Kila mmoja apewe mtaa au shirika la kulichunga kabla mwezi haujaisha. Na sehemu ya kumi ya sadaka ya siku hiyo iwekwe kando kwa ajili ya yule wa kwanza kati yao atakayekubali kwenda Mambasa.