Ada ya madrasa haimtoi mzazi katika dhima

Hapa Rwamishenye, Manispaa ya Bukoba, nimezoea kumsikia mzazi akiulizwa hali ya dini ya mwanawe, naye hujibu kwa fahari, "Anasoma madrasa." Basi, amemaliza. Ada ya ustadhi, ambayo ni ndogo kuliko ya tuisheni na bado huchelewa, inahesabiwa kuwa imemtoa katika dhima.

Nauliza: malezi ya dini yanaweza kukasimiwa kwa fedha? Kusomesha herufi na tajwidi kunakasimika, sina ubishi. Imani je? Tuitazame Suratu Luqman. Anayesema na mtoto pale si mwalimu wa kuajiriwa, ni baba yake, tena kwa upole. Anamkataza shirki kwanza. Anamweleza kuwa hata kilicho na uzito wa chembe ya hardali hakimpotei Allah (s.w.). Ndipo anafika kwenye swala na subira, kisha namna ya kutembea na kusema na watu. Mtoto yule alijua anamwabudu nani kabla ya kuamrishwa kuswali. Sisi wengi tunaanza na fimbo.

Na wazazi wakali wanaipenda mno hadithi iliyopokewa na Abu Daud, ya kuwaamrisha watoto swala wakiwa na miaka 7 na kuwapiga wakifika 10. Ile 10 wanaikumbuka, 7 wanairuka! Baina yake ipo miaka mitatu, na kwa swala tano kila siku ni zaidi ya mara 5,000 za kumwita mtoto, kumwonyesha na kumvumilia. Huyo aliyeshika fimbo kamwita mara ngapi?

Nitajibiwa kuwa wapo wazazi ambao hata Fatiha inawasumbua. Ni kweli, na udhuru huo una uzito. Lakini asiyejua kusoma hazuiliki kurudisha chenji iliyozidi dukani mwanawe akiona, wala kuamka alfajiri badala ya kumwamsha mtoto kisha yeye akarudi kulala. Wala sioni aibu ya baba kufundishwa na mwanawe. Mtoto akirudi na Juzuu Amma kifuani, amwambie baada ya Magharibi: hebu nisomee, na maana yake nini? Tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ipo tangu 1969. Kama wote wawili hawajui, waifungue pamoja.